Sikio la Mwisho: Nani Alizimalizia Nyimbo Zetu?

Sisi wapenzi wa vitabu tunajua kwamba maandishi hayatoki mkononi mwa mwandishi yakaenda moja kwa moja kwa msomaji. Katikati yupo mhariri, na baada ya mhariri yupo yule mtu wa mwisho kabisa, anayesoma prufu akiwa na kalamu nyekundu na kuuliza kwa nini mhusika ameitwa Zainabu ukurasa wa 12, halafu Zainab ukurasa wa 90. Jina lake mara nyingi halimo kwenye jalada. Akifanya kazi vizuri hakuna anayejua kwamba alikuwepo, ila akiharibu kila mtu anaona.

Muziki nao una mtu wa namna hiyo. Wimbo ukisharekodiwa, prodyuza huchanganya sauti: besi akaiweka chini, magitaa pembeni, mwimbaji katikati. Hapo inabaki hatua moja kabla wimbo haujatoka. Studio za Dar es Salaam wanaiita masteringi, na kitendo chenyewe ni kumasta. Mtu ambaye hakuhusika kuutengeneza wimbo anakaa chini na kuusikiliza wote kama kitu kimoja. Anapunguza kinachozidi, anainua kinachozama, anahakikisha haupigi kelele wala haunong'oni ukiwekwa jirani na nyimbo nyingine. Kisha anatoa ile nakala moja ambayo nakala zote zitazaliwa kutokana nayo, yaani masta.

Nimeandika habari za muziki kwa miaka kadhaa sasa, na swali ninaloulizwa mara nyingi na wasanii wasio na lebo ni la pesa. Kaka, nilipie masteringi au niache? Ni swali la haki kabisa, maana pesa yenyewe ni ya kuunga unga. Lakini kadiri ninavyolitafakari naona haliwezi kujibiwa bila kupitia historia. Bei ya kazi hii, na hata sababu ya kuwepo kwake, imetokana na mashine ambazo kwa miaka mingi hazikuwa kwetu. Kwa hiyo tuanzie mbali kidogo.

Nta ya Bombay

Mwaka 1928 Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alipanda meli na wenzake kutoka Unguja kwenda Bombay kurekodi santuri za His Master's Voice. Wengi wetu tulimjua kupitia kitabu cha Shaaban Robert, *Wasifu wa Siti binti Saad*. Tukiisimulia safari ile huwa tunasimulia ujasiri wa mwanamke yule, na anastahili. Mimi leo nataka tuchungulie chumba alichorekodia.

Wakati huo kurekodi kwa maikrofoni kulikuwa na miaka mitatu hivi tu tangu kuanza kuenea. Sauti ilipita kwenye maikrofoni, ikaendesha sindano, na sindano ikachora mfereji mwembamba juu ya sahani ya nta laini. Nta ile huwezi kuicheza uisikilize, ukijaribu unaiharibu. Ilipelekwa kiwandani ikafunikwa kwa madini, na gamba la chuma lililobanduliwa juu yake ndilo lililozaa mihuri ya kuchapia santuri. Neno "masta" limetoka huko. Lilikuwa jina la kipande cha chuma.

Ukielewa hilo utaona kwamba zama za Siti hazikuwa na masteringi kama hatua inayojitegemea. Kurekodi na kumalizia kulikuwa tendo moja. Mpiga fidla akikaa karibu mno na maikrofoni, basi amekaa karibu mno milele. Upande mmoja wa santuri ya inchi 10 ulibeba dakika tatu na kitu. Taarabu, ambayo kwenye shughuli hurefuka kadiri watu wanavyotunza, ilibidi ifupishwe au igawanywe pande mbili. Na chuma kile, pamoja na uamuzi wa kipi kinatosha na kipi kirudiwe, vilikuwa mali ya kampuni. Msanii aliimba, akalipwa, akarudi kwao.

Sindano inayoruka

Mambo yalibadilika baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1948 mashine za utepe wa sumaku za Ampex zilianza kutumika Marekani, na mwaka huo huo kampuni ya Columbia ikatoa santuri ya muda mrefu, ile tunayoiita elpii. Sasa muziki ulirekodiwa kwanza kwenye utepe, ambao unaweza kukatwa, kuungwa na kurudiwa. Baadaye mtu mwingine, katika chumba kingine, aliuhamishia kwenye sahani ya kukatia. Kazi ikagawanyika mara mbili, na huyu wa pili ndiye babu wa kila anayemasta nyimbo leo.

Kazi yake ya mwanzo haikuwa ya kuongeza urembo. Ilikuwa ya kuzuia hasara. Besi nzito huifanya sindano iyumbe kwa upana. Ikizidi, mifereji inagongana na sindano ya msikilizaji inaruka. Sauti nyembamba, hasa zile "s" kali za waimbaji, hukwaruza. Na wimbo ukiwa na sauti kubwa mfereji unakuwa mpana, kwa hiyo dakika zinapungua. Kila santuri ilikuwa mapatano kati ya besi, ukubwa wa sauti na urefu wa wimbo. Ndiyo maana mwaka 1954 kampuni za Marekani zilianza kufuata kanuni moja ya pamoja: wakati wa kukata santuri besi inapunguzwa na sauti za juu zinaongezwa, na wakati wa kucheza mashine inafanya kinyume chake ili mambo yarudi sawa.

Taratibu fundi huyu akagundua kwamba akiwa pale mwishoni anaweza kufanya zaidi ya kuzuia ajali. Anaweza kuufanya wimbo usimame. Watu wakaanza kumtafuta kwa ajili ya sikio lake. Mwaka 1967 Doug Sax na wenzake walifungua The Mastering Lab kule Hollywood, moja ya nyumba za kwanza kufanya kazi hiyo tu bila kuwa chini ya kampuni ya santuri. Kuanzia hapo sikio la mwisho likawa kitu unachoweza kukikodi. Lakini lilikodiwa pamoja na mashine ya kukatia, spika kubwa na chumba kilichojengwa kwa hesabu. Gharama ilikuwa kubwa kwa sababu vyote vilikuja kwa pamoja, na hapa ndipo ulipoanza mkanganyiko tunaobishana nao hadi leo. Hukuweza kusema unalipia sikio tu.

Njia ya Nairobi

Huku kwetu mashine zilikaa Nairobi. Tangu miaka ya 1950 mji ule ulikuwa na uwezo wa kuchapa santuri, na miaka ya 1970 kampuni kubwa za kimataifa kama Polygram zilikuwa zimeweka mizizi pale. Bendi za Tanzania zilifunga safari. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro, ambaye tunamkumbuka kama wetu kabisa, sehemu kubwa ya santuri zake zilitoka Nairobi, na alifariki dunia huko huko Kenya, kwa ajali ya gari karibu na Mombasa, Januari 1979.

Kabla ya hapo, mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi 1983. Vitabu vya siasa vinaeleza ndege zilizogawanywa na reli iliyokatwa vipande. Havigusii kwamba bendi ya Dar es Salaam ilifungiwa njia ya kufika kwenye mashine iliyozimalizia nyimbo zake.

Kilichobaki ni Redio Tanzania Dar es Salaam. Bendi zilikwenda Barabara ya Pugu, zikapiga, fundi mitambo akanasa kwenye utepe, na wimbo ukarushwa. Tanzania Bara haikuwa na redio nyingine mpaka miaka ya 1990 mwanzoni. Ukitaka kuusikia wimbo tena ulisubiri kipindi. Hapakuwa na duka la kuununua.

Nikizisikiliza rekodi zile leo, kitu kimoja hunishangaza kila mara: maneno yanasikika. Bendi ina watu kumi na zaidi, tarumbeta zimejaa, lakini huachwi nyuma na kisa hata mara moja. Hiyo kwangu ndiyo masteringi, hata kama hakuna aliyeiita hivyo. Fundi alijua wimbo unakwenda kwenye redio ndogo ya betri iliyotundikwa kwenye mti wa mwembe, yenye spika isiyoweza kutoa besi ya maana, na msikilizaji anataka kujua yule mwanamke kwenye wimbo alirudi kwa mumewe au hakurudi. Alikuwa fundi wa serikali, vifaa vyake vilikuwa vya kuhesabika. Alichokuwa nacho ni kumjua msikilizaji.

Nyingi ya tepu za zama zile zimekuja kurudi kwetu kwa njia ya Ulaya. Mfululizo wa *Zanzibara* wa lebo ya Buda Musique ya Ufaransa, kwa mfano, umefufua taarabu na dansi ya pwani yetu kwenye CD zilizosafishwa vizuri. Nashukuru kwamba kazi hizo zipo. Lakini tukubali pia kwamba kijana wa Sinza anayezisikiliza leo anamsikia babu yake kupitia uamuzi wa mtu aliyekaa mbali, aliyeamua mkwaruzo upi ubaki na besi ipande kiasi gani.

Masta ya Kariakoo

Mimi ni mtoto wa zama za kanda. Kaseti ya Philips, iliyozinduliwa 1963, ilitukuta utotoni ikiwa tayari imechukua kila kitu. Tulikunja kanda kwa kalamu ya Bic ili tusimalize betri. Nakala ya nakala ya nakala ilikuja na upepo wake, ule "shhhh" unaozidi kila inaponakiliwa, hadi mwimbaji anasikika kama yuko nyuma ya pazia.

Bongo Fleva ilipokuja, na studio kama MJ Records na Bongo Records zikawa majina ya nyumbani, neno masta lilipata maana nyingine mitaani. Kuuza masta kulimaanisha kumpelekea msambazaji wa Kariakoo nakala yako ya mwisho, akakupa fedha kwa mkupuo, ukaondoka. Baada ya hapo yeye ndiye aliyejua kanda ngapi zimeuzwa. Wasanii wengi wa kizazi kile watakwambia hadithi ya namna hiyo, na ni lile lile gamba la chuma la mwaka 1928: mwenye masta ndiye mwenye wimbo.

Na kwa kuwa masta ilikuwa bidhaa ya kukabidhi, masteringi yenyewe ilifanywa na prodyuza yule yule, usiku ule ule, kwa spika zile zile. Sisemi walikosea. Walifanya makubwa kwa kompyuta zilizokuwa zikizima umeme ukikatika. Ila ni kama mwandishi kujisomea prufu mwenyewe. Jicho lililozoea sentensi halioni neno lililorukwa, na sikio lililokesha na wimbo mmoja halisikii tena kwamba besi imezidi.

Vita vya kelele

Programu za kompyuta zikaleta mageuzi. Mwaka 1994 kampuni ya Waves ilitoa L1, kidhibiti cha kidijitali kinachobana vilele vya sauti ili wimbo mzima uweze kupandishwa. Mwaka 2001 ikaja Ozone ya iZotope, iliyokusanya zana za kumasta ndani ya dirisha moja. Kwetu nyingi ziliingia kwa njia ya kreki, tuseme ukweli.

Kila aliyepata kidhibiti alikibana mpaka mwisho, kwa sababu sikio la binadamu lina udhaifu: wimbo mmoja ukiwa juu kidogo kuliko mwingine, tunadhani ndio bora. Dunia nzima iliingia kwenye mashindano. Albamu ya Metallica ya 2008, *Death Magnetic*, ilibanwa mpaka mashabiki wenyewe wakalalamika, maana nyimbo hizo hizo kwenye mchezo wa video wa *Guitar Hero* zilikuwa na pumzi zaidi kuliko kwenye CD.

Vita hivyo vimepoa kwa sababu za kiufundi. Tangu 2006 kuna kipimo cha kimataifa cha ukubwa wa sauti kinachofuata jinsi sikio linavyosikia, na vipimo vyake husomwa kwa LUFS. Spotify hulinganisha nyimbo kuzunguka LUFS 14 chini ya sifuri. YouTube nayo huzishusha zilizozidi. Kwa lugha nyepesi: ukibana wimbo wako ili upige kelele kuliko wa jirani, mtandao unaushusha mpaka mlingane, na wewe unabaki na wimbo uliobanwa pumzi bure.

Kwa dola chache

Mwaka 2014 kampuni ya LANDR ya Montreal ilianza kumasta nyimbo kwa programu, bila mtu. Unapakia wimbo, unasubiri dakika chache, unaupata. Sasa huduma za aina hiyo ni nyingi, na bei yake msanii wa kawaida anaimudu. Upande wa pili hata Abbey Road, studio ile ile ya Beatles, inapokea nyimbo kwa intaneti na kuzimasta kwa mikono ya mafundi wake. Kwa mara ya kwanza tangu Siti apande meli, msanii wa Mbagala hahitaji kusafiri. Anahitaji bando tu.

Basi jambo limekwisha? Nilidhani hivyo mpaka mwaka jana, nilipokaa na mpiga gitaa mmoja wa Mbagala aliyekuwa na wimbo mmoja na shilingi laki moja. Alikuwa na nakala mbili. Moja ilitoka kwenye huduma ya mtandaoni. Nyingine alikuwa ameahidiwa na prodyuza wa mtaa wa pili, ambaye badala ya kuimaliza alimrudishia faili na ujumbe: "Dogo, hiyo 's' yako inakata masikio, na besi inaufunika ubeti wa pili. Karekebishe kwenye miksi kwanza, halafu uje."

Alirekebisha, ikachukua jioni mbili. Kisha tukasikiliza zote: kwenye simu, kwenye bajaji yenye spika chini ya kiti, na kwenye mgahawa wenye spika moja ukutani. Nakala ya mashine ilikuwa na kelele zaidi, na kwenye simu ilivutia. Tuliposhusha sauti zikalingana, ilikuwa bapa. Kwenye mgahawa maneno ya ubeti wa pili hayakusikika kabisa, na ubeti huo ndio unaobeba kisa. Programu haikumwambia. Ilipokea wimbo wenye kasoro, ikaupandisha sauti, na kasoro ikapanda nao.

Hapo ndipo nilipoona jibu la lile swali la pesa. Kwa miaka themanini gharama ilikuwa ya mashine, na sikio lilikuja ndani ya bei. Leo mashine ni karibu bure. Kinachostahili kulipiwa ni mtu anayeweza kukwambia "bado". Naye si lazima awe London. Mara nyingine ni afadhali asiwe London. Chukua singeli, ambayo dunia iliisikia kwa upana pale lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilipotoa mkusanyiko wa *Sounds of Sisso* mwaka 2017. Kasi yake na ule mkwaruzo wa makusudi, fundi asiyeujua atauona kama ugonjwa wa kutibiwa. Programu nayo hujua wastani wa kile ilichofundishwa. Ilifundishwa kidumbaki? Mchiriku je?

Kwa msanii mwenye laki moja, basi, ushauri wangu ni mfupi. Usiitawanye kwenye nyimbo tano. Chagua mmoja, ule utakaokutambulisha, umlipe mtu mwenye chumba tulivu na spika anazozijua, ambaye hakuutengeneza wimbo huo. Mpe faili la WAV ambalo halijabanwa, na ukilituma kwa WhatsApp litume kama faili la hati, si kama sauti, maana litaminywa njiani. Mpe na nyimbo mbili tatu za kulinganishia, za hapa hapa, za aina yako. Ukirudishiwa, isikilize kwenye spika moja mbovu kabla ya kwenye hedifoni nzuri. Zile nyimbo nne zilizobaki, kama mfuko umekauka, badilishaneni na prodyuza rafiki: wewe sikiliza zake, yeye asikilize zako. Na programu ya dola chache itumie bila aibu kwa kazi ndogo, kama onyesho la kumpelekea mtangazaji au sauti ya video fupi, ukijua haitakwambia kitu.

Jambo la mwisho ni letu sisi tunaoandika. Tukichambua riwaya siku hizi tumeanza kumtaja mhariri na hata mfasiri, jambo ambalo zamani hatukulijali. Kwenye muziki tunamtaja mwimbaji, prodyuza, na aliyepiga video. Mafundi wa Barabara ya Pugu walikaa na nyimbo zetu kwa miaka ishirini na zaidi, na ni wachache mno kati yetu wanaoweza kutaja majina mawili. Wale wanaofanya kazi hiyo leo katika vyumba vya nyuma vya Sinza na Temeke wako hai, wana namba za simu, na ukiwauliza watakueleza walichokifanya kwenye kila wimbo. Nimeanza kuwauliza, na majina yao nayaandika.